Waache Wazee Wajibizane

Ukimweka mzee mmoja mbele ya kinasa sauti ukaanza kumuuliza "kichwa mnakiitaje, maji mnayaitaje, jua mnaliitaje," utaondoka na orodha. Orodha si kitu kibaya. Ile ya Morris Swadesh, ya maneno ya msingi mia moja, au mia mbili na ushee katika toleo refu, imesaidia watu kulinganisha lugha za dunia tangu katikati ya karne ya 20, na mimi mwenyewe ninayo kwenye daftari. Lakini orodha haikuonyeshi jinsi watu wanavyokatizana kwa adabu, wanavyokubali nusunusu, wanavyomwambia mtu kwamba anatia chumvi. Hayo mzee hamwambii mgeni mwenye kalamu. Humwambia mwenzake.

Ndiyo sababu siku hizi sirekodi mzee mmoja mmoja ila kwa dharura. Narekodi wawili.

Lugha ninayoizungumzia ni ya upande wa bibi mzaa mama. Jina lake silitaji. Wasemaji ni wachache kiasi kwamba ukiitaja lugha umeshataja familia, na wazee wenyewe walipoulizwa walisema mambo yao yatangazwe baadaye, si sasa. Wanaoisema sawasawa wote wana mvi. Watoto wao wanaielewa ila hujibu kwa lugha nyingine. Wajukuu, yaani kizazi changu, wengi wanajua maamkizi, namna ya kuwaita ndugu na matusi mawili matatu. Mimi naielewa kuliko ninavyoweza kuisema. Wala si mwanaisimu. Kazi inayonilisha ni kuhariri sauti, ndiyo maana nikiingia chumbani nasikia mlio wa friji kabla sijamsikia mtu.

Bibi akikaa na mimi peke yangu hunipa sentensi fupi, zimenyooka, moja baada ya nyingine, kama anayemlisha mtoto mdogo. Ananihurumia. Mlete wifi yake aketi pembeni, ghafla ni bibi mwingine. Sentensi zinaanzia katikati, zinaachwa hewani, wifi anazimalizia kivingine kwa makusudi, bibi anamrudi. Katika vikao vya namna hiyo nimewasikia wakikana na kupinga kwa njia ambazo sikuwahi kuzisikia kwa bibi maisha yangu yote, kwa sababu maisha yangu yote sikuwahi kumbishia.

Mwanaisimu William Labov alilieleza tatizo hili mwaka 1972: tunataka kujua watu husemaje pale ambapo hakuna anayewachunguza, na hatuna njia ya kujua ila kwa kuwachunguza. Hakuna dawa kamili. Ila nimeona kwamba mzee mwenye mtu wa kubishana naye husahau kinasa sauti upesi zaidi kuliko mzee mwenye mtu wa kumwonea huruma.

Si kila wawili wanafaa. Mdogo na kaka yake mkubwa mara nyingi hawafai, mdogo ataitikia tu. Mume na mke waliozeeka pamoja wanaweza kunyamaza saa nzima na wala wasione tatizo liko wapi. Wanaoheshimiana kupita kiasi watakupa hotuba mbili zinazopokezana. Wanaofaa kuliko wote ni waliokua pamoja kisha maisha yakawatenga, huyu akaenda alikoolewa, yule alikopata kazi. Hao wanadaiana habari. Nani alizaa na nani, nani alihama kwa ugomvi gani, shamba la fulani liliishia kwa nani. Wewe washa mashine, kaa kando, usiwe na haraka.

Na wasipewe mada kubwa. Ukimwambia mzee "tuelezee utamaduni wetu" atasafisha koo na kuhutubia, kwa lugha ya jukwaani, tena nusu yake atasema kwa lugha ya shuleni kwa sababu ndiyo lugha aliyosikia hotuba zikitolewa. Nawapa kazi ya mikono badala yake. Kazi ninayoipenda ni ramani. Nawaomba wachore chini, kwa kijiti, njia waliyokuwa wakipita utotoni kwenda kuchota maji, na nyumba zilizokuwa kando ya njia. Hapo hakuna haja ya swali la pili. Bibi anachora kona, wifi anaifuta kwa kiganja, anaichora upande mwingine. Majina ya mahali ambayo hayapo kwenye ramani yoyote ya serikali yanaanza kumwagika, pamoja na mti ulioanguka, jiwe la kupumzikia, na mtu aliyekuwa na mbwa mkali. Na maneno ya mwelekeo yote yanajitokeza yenyewe: upande wa kuteremka, ng'ambo, nyuma ya kitu kisichoonekana, karibu na wewe lakini mbali na mimi. Ukiyauliza hayo moja moja kwa daftari utapata robo yake, na hiyo robo itakuwa imechanganyika.

Kwa sababu ya ramani nililazimika kuongeza kamera. Kanda ya sauti peke yake ilikuwa imejaa "hapa," "hapa tena," "siyo hapo, hapa," na mtu anayesikiliza hajui hapa ni wapi. Mikono ya wazee inasema nusu ya habari. Kuna jambo ninalolipenda kutoka Australia, kwa wasemaji wa Guugu Yimithirr wa kaskazini ya Queensland, ambao husema kaskazini na kusini mahali ambapo wengine tungesema kushoto na kulia. Mzee mmoja huko alirekodiwa akisimulia jinsi mashua yao ilivyopinduka. Miaka miwili baadaye akarekodiwa tena akisimulia kisa kilekile, safari hii ameketi akitazama upande mwingine. Mikono yake ilikuwa imegeuka naye: mashua ilipinduka kuelekea upande uleule wa dunia, si upande uleule wa mwili wake. Mwanaanthropolojia John Haviland aliweza kuliona hilo kwa sababu ilijulikana msimulizi alikaa ameelekea wapi. Tangu nilipokisoma kisa hicho, kila kikao naandika kamera inatazama upande gani. Ni mstari mmoja tu, haugharimu kitu.

Sasa vifaa, na hapa nivumilieni, ndiyo kazi yangu.

Watu huniuliza wanunue kinasa sauti gani. Swali lenye faida zaidi ni maikrofoni itakaa wapi. Maikrofoni ya kawaida iliyo umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni huishinda ya gharama iliyowekwa juu ya meza upande wa pili wa chumba. Kwa wazee wawili natumia maikrofoni mbili ndogo za kubana kwenye nguo, kila mmoja na yake, mmoja aingie njia ya kushoto na mwingine njia ya kulia. Faida yake utaiona siku ya kunukuu, yaani kuandika neno kwa neno yaliyosemwa: wakisema kwa pamoja, na watasema kwa pamoja, unazima upande mmoja na kumsikiliza mwingine peke yake. Kwa maikrofoni moja katikati, mabishano yote matamu yanakuwa mvumo.

Rekodi kwa WAV, faili inayohifadhi sauti bila kuipunguza, si MP3. Kwenye mipangilio weka kilohezi 48, biti 24, njia mbili. Saa moja itakula takriban gigabaiti moja, na kadi za kumbukumbu za leo zinaimudu. MP3 ilibuniwa ili itupe kile kinachodhaniwa kwamba sikio halitakigundua. Kwa muziki wa kwenye gari, sawa. Kwa lugha ambayo hakuna aliyekwisha kueleza sauti zake zote, sioni kwa nini tuanze kutupa kabla ya kujua tunatupa nini. Fikiria Kiubykh. Tevfik Esenç, mtu wa mwisho kukisema kwa ufasaha, alifariki Uturuki mwaka 1992. Lugha hiyo ilikuwa na konsonanti zaidi ya 80, na irabu za kuhesabu kwa kidole kimoja au viwili, zikizidi sana vitatu. Konsonanti nyingi kati ya hizo zinatofautiana kwa kitu kidogo sana, mdomo kuviringwa kidogo, ulimi kurudi nyuma kidogo. Watafiti kama Georges Dumézil walikaa na Esenç miaka mingi, na rekodi zake zipo. Kanda yenye mvumo wa feni isingetosha kutenganisha sauti hizo.

Kwa hiyo zima feni. Zima friji, na weka funguo zako ndani yake ili usisahau kuiwasha ukiondoka. Simu ziwekwe katika hali ya ndegeni. Bati likianza kupigwa na mvua, pumzika, wala usijidanganye kwamba utaisafisha baadaye. Mimi ndiye mtu anayelipwa kuisafisha, na haisafishiki. Upepo unazuiwa kwa kifuniko cha manyoya juu ya maikrofoni, lakini kuku hawazuiwi kwa chochote, nimewakubali. Na vaa vipokea sauti masikioni muda wote wa kikao. Mshale wa kwenye skrini unaonyesha tu kwamba kuna sauti. Hauonyeshi kwamba kitenge cha bibi kinasugua maikrofoni.

Kabla wazee hawajaanza, sema mwenyewe ndani ya rekodi: tarehe, mahali, nani yupo, wanasema lugha gani, walikubali nini. Jina la faili linaweza kubadilishwa, karatasi inaweza kupotea, ila maneno yaliyo ndani ya rekodi huenda nayo popote. Rekodi za kwanza duniani za kuwafuata wasemaji kwao zilifanywa mwaka 1890, pale mwanaanthropolojia Jesse Walter Fewkes alipopeleka mashine ya silinda za nta kwa Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili wa Maine, Marekani. Zaidi ya karne moja baadaye, Maktaba ya Bunge la Marekani ilipozisafisha kwa mitambo ya kisasa, bado ilibidi wenyewe, Dwayne Tomah akiwa mmoja wao, waketi kuzisikiliza tena na tena, kufukua maneno kutoka kwenye makelele, kuyanukuu, kurekebisha maelezo, na kuamua ni nini kisikilizwe na kila mtu na nini kibaki kwao. Walifaulu kwa sababu bado wapo wanaoijua lugha. Mashine ilitoa kelele tu. Maana ilitoka kwa watu.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Kurekodi ndiyo sehemu nyepesi. Kila mtu mwenye simu anaweza kurekodi. Rekodi isiyo na mtu wa kuieleza ni mlio wa watu wasiojulikana wakicheka jambo lisilojulikana. Nawajua vijana, wazuri, wenye bidii, wanaojivunia saa nyingi za wazee walizonazo kwenye diski, na ukiwauliza wamenukuu ngapi wanaanza kuangalia chini. Wazee wanaendelea kuzeeka, nao wanaendelea kurekodi. Ushauri wangu kwao haupendezi: acheni kurekodi kwa muda. Rudini na mlichonacho, kaeni na walewale wazee, msikilize pamoja.

Tunafanya hivi. Nafungua rekodi kwenye kompyuta kwa programu iitwayo ELAN, ya bure, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi. Inakuwezesha kukata mazungumzo vipande vipande na kuandika chini ya kila kipande, kila msemaji na mstari wake, maneno yakibaki yamefungwa kwenye sekunde yalikotokea. Nacheza kipande kifupi kwa spika, si kwa vipokea sauti, maana bibi hapendi vitu masikioni. Yeye anakirudia polepole, neno kwa neno, na kinasa sauti cha pili kinamrekodi akirudia. Kisha anasema maana yake kwa lugha tunayoelewana sote. Mimi naandika, lakini hata nisipoandika siku hiyo, tayari kuna sauti ya haraka, sauti ya polepole, na maana, zote tatu zimehifadhiwa. Njia hii wanaisimu wameitumia sehemu nyingi, hasa pale ambapo hakuna mtu wa kuandika. Papua New Guinea, kwa mfano, Steven Bird na wenzake waliwapa wanavijiji vinasa sauti wakafanya hivyo wao kwa wao. Siijui njia bora zaidi kwa mtu asiye na pesa wala shahada.

Ni kazi ya kuchosha. Dakika moja ya mabibi wawili wanaokatizana inaweza kula asubuhi nzima. Lakini ndiyo saa ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu bibi hawezi kujisikiliza kimyakimya. Anabishana na rekodi.

"Huyo anadanganya," alisema siku moja akiinyooshea kidole spika.

"Bibi, huyo ni wewe."

"Najua. Nilikuwa nataka wifi aone haya. Andika kwamba nilidanganya."

Nikaandika. Kwenye mstari wa maelezo, chini ya sekunde ileile, imeandikwa kwamba msemaji amesema alidanganya kwa makusudi. Hakuna kompyuta ambayo ingeligundua hilo, na bibi asingekuwepo ningelitafsiri kama ukweli, na mtu wa miaka mia ijayo angeandika makala ya kisomi juu yake.

Pia ndipo yanapotoka mambo ambayo hayamo kwenye mazungumzo yenyewe. Akirudia sentensi yake mwenyewe anaweza kusimama: "Hapa nimesema kama watu wa upande wa mama yangu. Wa upande wa baba wangesema hivi." Au anacheka, namuuliza anacheka nini, ananieleza kwamba wifi amemwigiza marehemu fulani aliyekuwa na kigugumizi. Mimi nilidhani wifi alikwama.

Wanaotaka ushahidi kwamba kazi hii ya kuketi inalipa watazame Kieyak cha Alaska. Marie Smith Jones, msemaji wa asili wa mwisho, alifariki Januari 2008. Kwa miongo mingi kabla ya hapo mwanaisimu Michael Krauss alikuwa amekaa naye na wasemaji wengine wachache, akitengeneza kamusi na kukusanya hadithi zilizofafanuliwa. Kijana mmoja wa Ufaransa, Guillaume Leduey, aliyeanza kujifunza akiwa bado mdogo na mbali kabisa na Alaska, aliweza kufika mahali pa kuisema lugha hiyo na kusaidia kuwafundisha wenye asili yake. Hakujifunza kwa marundo ya kanda zisizo na maelezo. Alijifunza kwa kazi ambayo watu walikuwa wameshaketi wakaifafanua.

Simaanishi kwamba usubiri mpaka abaki mmoja. Hata huyo "mmoja" tusiwe wepesi kumtangaza. Kule Afrika Kusini lugha ya N|uu ilihesabiwa kuwa imekufa, mpaka miaka ya 1990 bibi mmoja, Elsie Vaalbooi, alipojitokeza akasema yeye anaisema. Baada yake wakapatikana wengine. Miongoni mwao ni Katrina Esau, aliyeamua kuwafundisha watoto nyumbani kwake. Watu walikuwa wamenyamaza, basi. Mtu anaweza kuinyamazia lugha miaka sitini na bado iko yote kifuani.

Kwa nini wananyamaza, hilo wazee huwa hawalijibu siku ya kwanza, na mimi siliulizi. Linatoka lenyewe, mara nyingi wakiwa wanazungumza jambo lingine kabisa. Wengine walichapwa. Huko Wales katika karne ya 19 mtoto aliyekutwa akisema Kiwelisi shuleni aliweza kuvishwa kipande cha mbao shingoni. Na wapo watu wazima wa Kenya wanaokumbuka kuvishwa kitu cha aina hiyo kwa kosa hilohilo. Wengine hawakuchapwa na yeyote. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo nchini Kenya, waliokuwa wawindaji na warina asali, walihamia Kimaasai katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 pamoja na ng'ombe na ndoa na namna ya kuishi ya majirani. Wanaolaumu wazee kwamba "mlituachia lugha ipotee" nawaomba wasije kwenye vikao vyangu. Mzee aliyechagua kusema na wanawe lugha ya shuleni alikuwa akiwatafutia njia ya kupita. Ukimjia na lawama atakujibu kwa adabu, kwa lugha ya shuleni.

Ridhaa. Hili nalo wengi hulimaliza kwa sahihi kwenye karatasi, mwanzoni, kabla mzee hajajua atasema nini. Mimi naomba mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya kusikiliza pamoja. Mara ya pili ndiyo yenye uzito. Nilikuwa na rekodi ya babu mmoja, mcheshi, yenye kisa cha mgogoro wa mpaka wa shamba ambacho kilikuwa na kila kitu: kiapo, tusi, upatanisho, maneno ya kisheria ya zamani. Tulipomaliza kuisikiliza akanyamaza, kisha akauliza:

"Na yule niliyemsema, wajukuu zake nao watasikia?"

"Wakiitafuta watasikia, babu."

"Basi futa."

Nikafuta mbele yake, na nakala nikaifuta mbele yake. Inauma mpaka leo, sitajifanya haiumi. Kuna watu wa nyaraka wangesema ningeificha tu kwenye folda iliyofungwa kwa miaka hamsini, na wakati mwingine hilo ndilo jibu, maana hifadhi kubwa huruhusu kufunga. Lakini nilimweleza hilo, na yeye alisema futa. Mzee akigundua kwamba "futa" kwako maana yake ni "ficha," hutapata tena neno lake, wala la mwenzake, wala la kijiji kizima.

Jambo jingine la kuuliza mapema, ingawa linatia aibu kuliuliza: sauti yako itumikeje ukishafariki? Kwa jamii nyingi za wenyeji wa Australia kusikia sauti au kuona picha ya marehemu ni jambo zito, ndiyo maana vipindi na maonyesho huko hutanguliza onyo. Kwa wengine ni kinyume, wanataka isikike siku ileile ya msiba. Usikisie. Wifi wa bibi alijibu bila kufikiri kwamba yake ichezwe kwa nguvu, tena ile anayomshinda bibi kwa hoja.

Kuhusu kuhifadhi sina maneno mengi. Nakala tatu, sehemu tatu, mojawapo nje ya nyumba. Majina ya faili yawe na tarehe inayoanza na mwaka. Na kama wazee wamekubali, kuna hifadhi zinazopokea kazi kama hii na kuitunza baada yako: ELAR, iliyoanzia London na sasa iko Berlin, au PARADISEC ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 2003 wakati kanda za watafiti wa Pasifiki zikiharibika ndani ya makabati na vyumba vya nyuma. Zinakuwezesha kupanga nani asikie nini. Lakini hifadhi ya Berlin haimsaidii mjukuu anayetaka kumsikia bibi yake jioni. WAV iende hifadhini. Familia nawatengenezea nakala za MP3 kwenye kadi ndogo za kumbukumbu za simu, zimekatwa kisa kimoja kimoja, kila kisa na jina ambalo wazee wamekipa wenyewe. Nilikuwa natoa mimi majina hayo, yakawa ya kuchosha. Ya kwao ni kama "Siku mbwa alipokula kiatu cha mwalimu."

Je, haya yatairudisha lugha midomoni mwa watoto? Kwa rekodi peke yake, hapana. Wamaori wa New Zealand walipoanzisha Kōhanga Reo mwaka 1982 walikutanisha wazee na watoto wadogo kabisa chini ya paa moja, kila siku, kwa Kimaori kitupu. Hicho ndicho kinachorudisha. Umoja wa Mataifa nao umetangaza miaka ya 2022 hadi 2032 kuwa Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Wenyeji, na nafurahi, ingawa bibi aliposikia aliuliza kama muongo huo unakuja na betri. Sisi hatuna paa hilo bado. Tuna mabibi wawili, babu mmoja mwenye kinyongo, na binamu yangu mdogo ambaye nimeanza kumketisha kwenye vikao vya kusikiliza. Amegundua kwamba bibi hucheka akisikia tusi la zamani, kwa hiyo yeye ndiye anayebonyeza kitufe cha kurudia, kwa hiari yake, mara nyingi kuliko kazi inavyohitaji.

Kikao kijacho nataka kuwaweka watatu pamoja, mabibi na babu, wachore ramani ya mpaka ule wa shamba bila kumtaja mtu yeyote. Babu amekubali kwa sharti hilo. Wifi naye amekubali, ila amesema hakai karibu na babu mpaka amrudishie jembe alilomwazima tangu wakiwa vijana, kwa hiyo ninatafuta maikrofoni ya tatu na waya mrefu zaidi.